Shela ya Mama Mkuu

Ansa, nimekwisha. Na usicheke!

Unajua ninavyomwigiza Mama Mkuu wa watawa? Leo nimevaa shela yake bwenini, nikawahubiria wenzangu dhambi ya kufakamia jibini.

Kugeuka, baba mdogo yuko mlangoni. Mfalme mwenyewe!

Nikangoja kofi. Akatabasamu. ALITABASAMU, Ansa!

"Binti yangu, mwanamke akijivika shela mbele ya mashahidi, ni mtawa hadi kufa. Ndiyo sheria."

"Baba, nilikuwa natania!"

"Mungu hataniwi."

Nikamtazama Mama Mkuu, aliyesimama nyuma yake. Akainamisha uso.

Mtawa harithi kitu. Mashamba yote ya marehemu baba sasa ni ya huyo ndugu yake.

Mwanawe wa kiume kila siku anachezea taji, analivaa mpaka mezani. Mbona yeye hajawa mfalme?