Krishna Alikuwa na Mama Wawili

Katangi, 2 Septemba 1998

Mama mpendwa,

Hujambo? Sisi tuko salama, ila kikohozi cha nyanya hakijaisha. Mama mdogo Mumbua anakusalimia sana.

Picha nimeiona. Umempakata Hiren, mtoto wa mwajiri wako, amepakwa buluu usoni, ana taji na unyoya wa tausi. Nyuma umeandika kwamba taji umelishona wewe. Mama, sare yangu imepasuka kwapani na bado ninaivaa. Na mbona unacheka hivyo? Hapa nyumbani sijawahi kukuona ukicheka hivyo.

Mwanao,
Kasiva

Machakos, 11 Septemba 1998

Kasiva mwanangu,

Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inavimba jioni. Mpe nyanya asali na limau.

Ile ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu wao. Buluu ndiyo rangi yake. Sanamu yake ya utotoni huwekwa kwenye bembea, kila mtu anaisukuma kidogo. Hiren alichaguliwa kuwa Krishna hekaluni, na mama yake hajui sindano. Wanasema Krishna alikuwa mwizi wa siagi, mpaka mama yake Yashoda akamfunga kwenye kinu, naye akakiburuta hicho kinu mpaka akang'oa miti miwili! Hapo ndipo nilipocheka. Lakini Yashoda hakumzaa. Mama mzazi alifungwa gerezani na mfalme aliyetaka kumuua mtoto, ndipo baba akamtorosha mtoto akamwacha kwa Yashoda.

Usimwonee wivu mtoto mdogo. Kazi hii ndiyo karo yako.

Mama

Katangi, 29 Novemba 1998

Mama,

Habari ya huko? Nyanya amepata nafuu.

Hukuja siku ya kipaimara changu. Ulisema Hiren ana homa. Nilikuwa naangalia barabara mpaka tukapangwa mstari. Mama mdogo Mumbua alinishonea gauni jeupe, akasimama nyuma yangu, mkono begani. Padri akauliza, "Huyu ni mama yako?" Nikasema, "Ndiyo." Mumbua hakukataa. Sasa namwita Mama. Hilo "mdogo" nimeliacha.

Yule wa gerezani aliitwa nani? Yashoda umemtaja. Yeye hukuandika jina lake.

Kasiva

Machakos, 4 Disemba 1998

Kasiva mwanangu,

Sijui kama wewe ni mzima, na mimi sitakudanganya kwamba niko sawa. Barua yako niliisomea jikoni, chapati zikaungua zote.

Anaitwa Devaki. Nilimuuliza mama Hiren kama Devaki naye ana nyimbo zake. Akasema, "Ziko, lakini nyingi ni za Yashoda."

Nimeona wivu, Kasiva. Mumbua ni dada yangu, tulilala kitanda kimoja, na leo natamani kumpiga. Mwambie hivyo hivyo. Asante nitamwambia mwenyewe, hasira ikiisha.

Nimeacha kazi. Hiren alishika sketi yangu akalia, nikamkabidhi kwa mama yake. Karo sijui itatoka wapi.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa hapo. Usisukwe nywele na mtu yeyote kabla sijafika.

Mama yako