Kibebeo cha Maji na Bega la Mama

Jumanne. Joto. Mawingu yamejikusanya juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haishuki. Nami niko hivyohivyo.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuweka kazi mbele ya darasa. Kazi yenyewe ni kibebeo cha maji: fremu ya bomba jembamba yenye mikanda miwili, unaivaa mgongoni na dumu linakaa ndani. Nimekibuni kwa ajili yetu tunaoishi huku Mabatini juu ya mawe, maji yako chini na nyumba ziko juu. Hiki ni cha tatu. Ninatengeneza, mama anajaribu, anatoa maoni, ninarekebisha. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni na ndivyo nilivyofanya, bila kuruka hatua.

Darasani kwetu mwenye kazi hasemi neno hadi wenzake wamalize. Rafiki yangu Kulwa akakivaa, dumu limejaa. Hakufika getini.

"Jamani, nivueni! Mikanda inakata nyama hii!"

Mwalimu akafungua ripoti yangu, akasoma kwa sauti: mtumiaji hana malalamiko. Akauliza mtumiaji huyo ni nani.

"Mama yangu, mwalimu."

"Mama mzazi?" Kulwa akadakia, bado anasugua bega. "Ndugu yangu, kwa mama yangu hata mimi najua kuimba!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Amenipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, narudia mwaka.

Niliporudi nilimkuta mama anapanda mawe, dumu kichwani. Kibebeo cha pili, kile nilichomwachia akitumie, kiko nyuma ya jiko. Kuku anatamia ndani yake.

Nikamwamkia, nikamtua dumu, nikamwomba nione bega. Kwanza alivuta khanga akakataa. Kisha akaniachia nione. Kuna alama nyeusi, palepale mkanda unapopita.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Na ulivyokuwa unanitazama kwa furaha vile!"

Kazi yangu yote imesimama juu ya bega hilo.

Kurudia mwaka kunaniumiza, sitajidanganya. Lakini kuna hili lingine ambalo siwezi kulitoa kichwani. Kila alipojaribu nilikuwepo, nimesimama pembeni na kalamu yangu. Nilimuuliza, "Kizuri, mama?" Sikuwahi kumuuliza kama kinauma.

Kesho nitashuka na kibebeo bombani, nitajaza dumu, nitakipandisha mwenyewe hadi mlangoni. Sidhani kama muda uliobaki utatosha. Sioni hata pa kuanzia.

Nimemweleza mama yaliyotokea darasani. Amekichukua kile cha tatu, akakigeuzageuza, akabonyeza mikanda kwa kidole gumba. Kisha akaniambia nisihangaike, hiki kweli ni kizuri.

Nimuulizeje ili aniambie ukweli?