Kimya Changu Kimefika Hounslow

Walthamstow, Landani
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba, na nyengine nyingi mfikishie Bibi. Natumai mko salama hapo Wete na kwamba ile homa yako ya wiki iliyopita imekwisha. Nimefurahi kusikia Bibi, uliyekwenda kumuuguza, sasa anafika mpaka ukumbini kwa mkongojo wake, na kwamba ameanza tena kumkaripia msichana wa kazi kwa kutia chumvi nyingi. Hapo ndipo nilipojua amepona kweli. Sisi huku wazima. Mama bado anafanya kazi kwenye ile nyumba ya wazee, na mgongo unamsumbua lakini hataki kusema. Mjomba Hafidh anaendesha basi lake na kila akirudi anatuhadithia abiria waliomtukana. Mimi skuli nimemaliza, na matokeo nimefaulu yote, alhamdulillahi. Historia ndiyo niliyofanya vizuri zaidi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu ya hapo nyumbani ni ya watu wote, Baba. Nikikutumia sauti yangu, ataisikia Bibi, ataisikia jirani, na jioni Mama ataulizwa. Na kuzungumza mwenyewe unanijua, maneno hunikwama kooni. Kuandika ndiko ninakokuweza, na Kiswahili cha kuandika ni wewe uliyenifundisha kwenye meza ya jikoni, kila Jumapili, nikilia. Kwa hiyo nampa barua hii Bi Haifa wa jirani, anasafiri kuja huko Jumamosi. Nimeitia ndani ya boksi la dawa za Bibi na nimeifunga kwa selotepu nyingi, kwa sababu Bi Haifa nampenda lakini namjua pia.

Najua Mama amekwisha kukupigia kukuambia kuwa nimeposwa na mtoto wa Mzee Mbarouk wa Hounslow, na kwamba nimeridhia. Najua pia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, watakusanyika wote kwetu na Mjomba atakupigia simu akuombe idhini, maana wewe ndiye walii wangu. Nina la kusema juu ya hilo. Lakini niache nilifikie kwa njia yangu, kwa sababu nikianza moja kwa moja nitaichana karatasi.

Mwaka wa mwisho skuli tuliambiwa kila mmoja aandike insha ndefu juu ya jambo analolitaka mwenyewe. Mwalimu wangu alidhani nitaandika habari za Zanzibar. Mimi nikachagua majaribio ya mabomu ya nyuklia. Sababu yake ni Bwana Arthur. Ni mzee aliyekuwa akitunzwa pale kazini kwa Mama, na Jumamosi nilikuwa nakwenda kusaidia kugawa chai. Alikuwa mkali, anamkaripia kila mtu, lakini mimi alinipenda kwa kuwa simjibu. Siku moja akanieleza kwamba alipokuwa kijana wa umri wangu alipelekwa na jeshi katika kisiwa kimoja katikati ya bahari ya Pasifiki, kinaitwa Kisiwa cha Krismasi. Waliwekwa ufukweni wakakalishwa chini, migongo wameipa bahari, wakaambiwa wafumbe macho na wajizibe kwa viganja. Bomu lilipolipuka juu ya bahari, mwanga ule ulipita kwenye viganja na kope zilizofumbwa, akaiona mifupa ya vidole vyake mwenyewe. Kisha akaniuliza kama biskuti za tangawizi zimekwisha.

Mimi nilikuwa nikidhani mabomu hayo yalikuwa mawili tu, yale ya Japani. Kumbe baada ya hayo yamelipuliwa zaidi ya elfu mbili, Baba, kwa miaka mingi, na nchi zinazojiita kubwa, na nyengine zikafuata kwa kuona wivu. Warusi walilipua kwenye mbuga za Wakazakhi. Waingereza walikwenda kulipua Australia, kwenye ardhi ya wenyewe weusi wa kule. Wafaransa walilipua Sahara, upande wa Aljeria, kisha walipofukuzwa wakahamia visiwa vyengine vya Pasifiki. Kila mahali walisema kwamba hapo hapana watu. Na kila mahali palikuwa na watu. Neno lenyewe la jaribio lilikuwa linanikera, kama mtu anayeonja mchuzi kama chumvi imekolea.

Nilimweleza Mjomba Hafidh haya tukiwa tunakula. Akaniambia hayo ni mambo ya Wazungu, wauane wenyewe. Nikamwambia Aljeria si Wazungu, ni Waislamu wenzetu na ni Afrika. Akasema kwani limemwangukia nani hapa Walthamstow, akaongeza sauti ya televisheni. Mama naye akanambia nitafute jambo la kheri la kuandika, mambo ya kufa yanaleta kiza ndani ya nyumba. Mwalimu alinipa alama nzuri, lakini pembeni akaandika kwamba nimeandika kwa hasira. Nilishindwa kuelewa mtu aandikeje mambo haya bila ya hasira.

Na kuna sehemu moja ya insha ambayo haijanitoka kichwani, ndiyo inayonifanya niandike leo. Mwaka wa elfu moja mia tisa na arubaini na sita, Wamarekani walikitaka kisiwa cha Bikini wajaribie mabomu yao. Afisa wao akaenda Jumapili, watu wanatoka kanisani, akawakalisha chini ya minazi. Akawauliza kama wako tayari kuondoka kwa muda, kwa manufaa ya wanadamu wote. Manowari ziko baharini, askari wamesimama, na vita ndiyo kwanza vimekwisha. Chifu wao akajibu kwamba kila kitu kimo mikononi mwa Mungu. Basi hilo likahesabiwa kuwa ndiyo. Kisha wakaletwa wapiga picha, na watu wale wakaambiwa wakae tena na chifu aseme tena, wakarudia na kurudia mpaka filamu ikapendeza.

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi. Watu wamekaa kimya, wanatazama chini, watoto wanachezea mchanga. Wangekuwa watu wa kwetu, Baba, mimi na wewe tungejua wanasema nini. Mama husema maneno hayo hayo mwenye nyumba akimwambia anapandisha kodi. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hana pa kusemea hapana. Miaka minane baadaye likalipuliwa hapo bomu kubwa kuliko walivyotarajia wenyewe, majivu meupe yakawaangukia watu wa visiwa jirani na watoto wakayachezea. Na watu wa Bikini walioondoka kwa muda, mpaka leo watoto wao na wajukuu hawaishi kwao.

Sasa nije kwetu.

Mzee Mbarouk na mkewe walikuja Jumapili iliyopita. Mimi niliambiwa wanakuja wageni kutoka Hounslow, basi. Nikawekwa jikoni na Bi Haifa tunatengeneza kachumbari, na kazi yangu ilikuwa vitunguu. Nyumba yetu unaijua ilivyo, mtu akikohoa ukumbini jikoni wanamwambia pole. Nikasikia jina langu linatajwa, nikasikia Mjomba anasema kijana tumemsikia sifa zake. Mara Mama akaingia na mke wa Mzee Mbarouk nyuma yake, wakasimama mlangoni. Mama alikuwa amevaa ile kanga yake ya sherehe na uso wake ulikuwa umenawiri, sijamuona hivyo tangu ulipoondoka. Akaniambia Hussam, mtoto wao, ameleta posa, na wao wameona kheri, je mimi nasemaje.

Sikusema kitu, Baba. Nilishika kisu na kitunguu na machozi yananitoka. Nilitaka kusema ngojeni. Neno lilifika hapa kooni likakaa. Mke wa Mzee Mbarouk akatabasamu. Bi Haifa akanitazama machozi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili, "Masikini mwanangu, haya! Analia kwa furaha!" Kisha akapiga kigelegele, na Mama akapiga, na ukumbini wakasoma Fatiha. Mimi nikamaliza kukata vitunguu.

Jioni ile, wageni walipoondoka, nilimfuata Mama nikamwambia kwamba sikujibu. Akacheka, akanambia mashekhe wanasema mwanamwali kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, na hata yeye alipoulizwa juu yako alijifunika uso kwa mto. Siku ya pili nikamwambia tena. Akasema nina uwoga wa kawaida tu. Mara ya tatu akakasirika, akasema maneno yamekwisha fika Hounslow, ninataka aende akayafuate kwa treni? Mjomba Hafidh ananiita bibi harusi kila nikipita na ananiuliza nitampikia nini mwanamume wa watu, na mimi hata maandazi yangu hayavimbi. Rafiki yangu Tejal, ambaye nilisoma naye, anasema ni neno moja tu, niseme hapana, kuna ugumu gani. Kwake yeye hakuna ugumu, kwao mtoto humjibu mama yake kama anavyomjibu dereva wa teksi. Nilimkasirikia yeye zaidi kuliko wote, na yeye ndiye pekee aliyeniuliza.

Sijui kama wamekwambia kazi ya Hussam. Ni mhandisi, na amepata kazi katika kiwanda cha serikali nje ya Landani, kinachotengeneza vichwa vya makombora ya nyuklia. Mjomba anasema hiyo ndiyo kazi, ya serikali, ina pensheni, na mtoto wetu Mzanzibari kuaminiwa hivyo ni fakhari. Mimi niliposikia nilifikiri mtu ananitania.

Nilitamani awe mbaya, ingekuwa rahisi. Si mbaya. Juzi alinipigia simu na tulizungumza, yaani yeye alizungumza. Ana mzaha. Alinambia amesikia kwamba najua mabomu mengi kuliko yeye. Nikamuuliza kama kule kwao wanalipua. Akasema siku hizi hakilipuliwi kitu, kila kitu kinapigiwa hesabu kwenye kompyuta, na yeye kazi yake ni kuangalia vyuma visipate kutu. Nikamuuliza kama anawajua watu wa Bikini. Akasema hapana, lakini nimweleze. Basi nikamweleza, Baba, mimi, kwa simu. Nilimweleza habari ya Jumapili ile na chifu na filamu. Hakunikatiza. Mwisho akauliza kwa nini sauti yangu inatetemeka.

Hapo nikamwambia. Na hili ndilo ninalotaka ulijue kabla ya Ijumaa, na ulijue kutoka kwangu. Nilimwambia kwamba mimi sikuridhia. Kwamba nilinyamaza kwa kuwa nilishindwa kusema, na machozi yalikuwa ya vitunguu. Akasema kwamba yeye aliambiwa na mama yake kuwa mimi nimemuulizia, na kwamba nimempenda tangu nilipomuona kwenye maulidi. Aliona aibu kunivunja moyo, ndiyo maana na yeye akanyamaza. Tukacheka, Baba, tukacheka sana, kisha ikawa si jambo la kuchekesha tena, kwa sababu yeye anamwogopa babake kuliko ninavyomwogopa Mama, na wote wawili tulijua kwamba Ijumaa tutakaa chini na kutazama zulia.

Sikuandikii ili umgombe Mama. Amechoka, Baba, na ameona mlango ambao mwanawe atapita na hatalazimika kuwainua wazee vitandani kama yeye. Sikuandikii pia kwa sababu ya kazi ya Hussam, ingawa kazi ile siipendi na nisingeweza kumfulia shati lake bila ya kumfikiria Bwana Arthur, aliyefariki mwezi wa Mei akiwa bado hajapewa jibu kwa nini damu yake ilikuwa mbaya. Hata angekuwa mwalimu wa Kurani, bado sikuulizwa kwa namna ambayo ningeweza kujibu. Na mimi nimepata nafasi chuo kikuu, hapa hapa Landani, kusoma historia, na nafasi hiyo naitaka. Hilo nalo sijamwambia mtu.

Ombi langu ni moja. Ijumaa simu itakapowekwa spika, na Mjomba akimaliza dua zake ndefu na akakuomba idhini, usiseme bismillahi. Sema kwanza kwamba unataka kuzungumza na Miska. Niulize wewe mwenyewe, kwa jina langu, mbele yao wote. Wakikwambia nina haya, waambie unajua. Kisha ningojee. Nimekuwa nikifanya mazoezi chooni, maji yakiwa yanamwagika, na neno hilo sasa linanitoka, lakini linachelewa. Usidhani mtandao umekatika. Usikate simu ukapiga upya. Na nikinyamaza, Baba, uliza tena.

Nisalimie Bibi, mwambie mafuta ya mgongo ni yale ya kichupa cha kijani, yale meupe ni ya magoti. Wasalimie na wote wanaoniulizia hapo mtaani. Mwenyezi Mungu akupe afya na akurejeshe kwetu salama, meza ya jikoni bado ipo na kiti chako hakikaliwi.

Wasalaam,

Mimi mwanao akupendaye,
Miska