Vifungo Juu ya Futi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Gitega. Goti la bibi yako limepona, alhamdulillahi. Jana alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi akinigombeza.

Unauliza kwa nini mwalimu anataka mchore takwimu wakati wastani mmeshaupata. Hata mimi niliwahi kuwa na haraka hiyo. Nikiwa fundi kijana, nililetewa kitambaa cha kanzu za Idi za watoto wa madrasa, bila ziada. Nilimpima kila mtoto urefu, nikapata wastani, nikashika mkasi nikate zote sawa.

Bibi yako, aliyekuwa akishona vifungo, alitandaza futi, ule utepe wangu wa kupimia, mezani. Kwa kila mtoto akaweka kifungo kwenye kipimo chake. Vikawa mafungu mawili: wadogo huku, wakubwa kule. Penye wastani wangu palikuwa patupu.

“Sasa wewe, hiyo ya katikati utamvalisha nani?”

Niliweka mkasi chini. Tulikata saizi mbili, na Idi ikafika kila mtoto amevaa.

Leo pia, kabla sijakata, bibi yako huniuliza kutoka jikoni: “Umeweka vifungo?”

Babu yako