Rafu ya Baba Mkwe

Jumamosi, 4 Mei

Nimeolewa! Bado naliandika neno hilo kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani. Leo Bwana Harusi (nitamwita hivyo mpaka azeeke) ameleta fungu lake kutoka kwa baba mkwe. Mzee amehamia chumba kidogo, kagawa vitu vyake angali hai, ili asikie watu wanavyoshukuru. Sisi tumepata rafu ya ukutani. Nguzo nyembamba, mbao zisizo na nakshi, vishikio vya shaba. Kuukuu, lakini ina maringo!

Hakuna gundi, hakuna msumari, ni skrubu tu. Kila kipande kinachomoka na kupachikwa kwingine. Nikasema ndivyo tutakavyoyapanga maisha yetu. Akanibusu shingoni, ubao ukamponyoka, ukamwangukia mguuni. Nimempuliza kidole kama mtoto. Raha jamani!

Jumanne, 7 Mei

Wifi kapiga simu. Yeye alipewa kabati na meza ya kukunja, vipande vya rafu hiyohiyo. Anataka vyote viuzwe, wagawane. Mbao ni mbao, anasema. Sauti kavu. Siku ya harusi alinipa mkono kana kwamba anapokea risiti. Nikamwambia Bwana Harusi kwamba wifi ya nyumba hii haishiki mtandao, akacheka mpaka chai ikampalia.

Halafu akasukuma kikombe kando. Dada yake ndiye aliyemlea, hajui kumkatalia. Nami sitaki kuwa bibi harusi aliyeingia na ugomvi. Lakini rafu naipenda! Vitabu vyake na vyangu vimeshachanganyika humo, sijui tena kipi cha nani. Tutavitoaje?

Tumekubaliana aje mthamini kwanza.

Ijumaa, 10 Mei

Mthamini amekuja. Koti la kijivu, tochi, kioo cha kukuzia. Nilidhani atatupa jicho na kutaja bei. Wapi! Alianza kwa kunusa. Akapapasa migongo ya mbao, akachungulia vishikio kama daktari wa meno. Msaji halisi, anasema, na vanishi ni ileile ya kiwandani. Siku hizi watu wanazitafuta rafu za namna hii kwa udi na uvumba. Kuna doa la kikombe ambalo nimelisugua wiki nzima. Akaniomba kwa adabu sana niliache kabla sijaliharibu kabisa. Aibu yangu!

Tukamuuliza bei. Akazima tochi.

"Hii ni suruali ya mguu mmoja," akasema. "Kabati liko wapi?"

Basi ikabidi wifi aitwe. Bwana Harusi akajidai anatafuta miwani. Nikapiga mimi. Atakuja Jumapili.

Jumapili, 12 Mei

Naandika jikoni, nasubiri maji yachemke.

Wifi alifika na kabati na meza, vyote kavifunga ndani ya mashuka yaliyotariziwa, yale ya wageni. Mbao ni mbao! Wakavipachika, na rafu ikaujaza ukuta wote. Mthamini mwenyewe alirudi nyuma kuitazama. Akapima, akanusa tena, akataja bei. Bwana Harusi akakaa chini.

Nikamtazama wifi, nikijua amepata alichotaka. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameikunjua meza, ameketi, viwiko vyake haviifikii. Akasema bila kugeuka kwamba baba aliipachika chini zaidi, ili yeye aandike vizuri, na mdogo wake akae uvunguni asimsumbue.

Bwana Harusi akasema huko uvunguni ndiko alikojifunza kusoma, kwa kumsikiliza yeye juu.

"Ulikuwa unanifungua kamba za viatu," akamjibu.

Mthamini akakohoa. Ana mnunuzi anayesubiri, je, ampigie? Nilitaka kusema tusiuze. Lakini si rafu yangu.

"Wifi," dada mtu akaniambia, "una bisibisi?"

Tunabomoa! Nikamletea, sikumwangalia usoni. Akavua viatu, akapiga magoti mbele ya nguzo.

"Njoo ushike huku. Meza hii imekaa juu mno."

Nikashika. Tukaishusha. Akajaribu, akanuna, tukaishusha tena. Akaagiza chai kana kwamba yuko kwake!

Sasa wanabishana huko sebuleni. Bwana Harusi anasema ilikuwa tundu hili la skrubu, dada mtu anamwambia we mtoto nyamaza, ulikuwa chini ungeonaje. Mthamini kavua koti, anawashikia nguzo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili bado una simu. Hajajibiwa.

Wifi ananiita. Niache chai, niende nikakae pale kitini. Anataka kuona viwiko vyangu vinafika wapi, maana yeye, anasema, haandiki tena, na meza lazima iwe ya kimo cha mtu anayeandika—