Vidonge vya Jino Lako

Marlee,

Maharage yako jikoni, mkate wa mahindi uko chini ya kitambaa. Tafunia upande wa pili, usitoneshe pale walipong'oa jino.

Vidonge vyako vya maumivu ~~nimevimwaga chooni~~ ninavyo mfukoni. Kabla ya zamu ya mgodini napitia kliniki, nivimwage mezani kwa daktari yuleyule aliyempa mama yako hivihivi kwa maumivu ya mgongo, akamwambia, "Meza tu, bibie, havina neno." Mama yako yuko kaburini, daktari kapandishwa cheo.

Utanuna. Haya, nuna. Asubuhi nilipokiona kichupa kando ya mto wako, nilikuwekea mkono puani, nikangoja pumzi. Ikaja. Ya mama yako niliingoja mpaka gari la wagonjwa likafika.

Maumivu yakikuzidia, nipigie. Nitarudi.

Baba