Spika Mbishi

Alhamisi jioni

Kumbe amplifaya yangu ni nzima. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Mama Rehema, fundi redio wa Msamvu, hakushika hata bisibisi. Alipomaliza kuitikia shikamoo yangu aligusa uzi mmoja wa gitaa, akasikiliza ile sauti iliyofifia, kisha akageuza spika mpya niliyoifunga mwenyewe mwezi uliopita na kusoma mgongoni mwake.

"Hii ni omu kumi na sita. Amplifaya yako inataka nne. Ulifuata nini?"

Nikasema ukweli: niliona namba kubwa, nikadhani ndiyo nguvu.

"Hiyo si nguvu, mwanangu, ni ubishi. Spika inaubishia umeme, sauti inashuka."

Akaunganisha yake ya omu nne. Nikagusa nyuzi kidogo tu, vikombe vya mama ntilie wa jirani vikatetemeka. Sijawahi kuona mtu anajua kazi kwa utulivu namna ile.

Ila sasa kuna Agnesi. Mwezi mzima nimemfokea mbele ya kwaya kwamba kinanda chake kinanifunika. Naye akapunguza, akapunguza, mpaka Jumapili hakusikika kabisa.

Kesho mazoezini nitaanza kwa kuwaambia mbishi alikuwa nani.